Binti anaingia kidato cha kwanza, na mimi Kiingereza sikijui

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa kijiji cha pwani katika wilaya ya Micheweni, Pemba. Kazi yangu ni kulima mwani baharini. Mume wangu ni mvuvi, na hivi ninavyoandika yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga. Alivyonambia kwenye simu, skuli zitafunguliwa hajarudi.

Binti yangu wa pili kamaliza skuli ya msingi na kafaulu. Januari anaanza kidato cha kwanza kwenye sekondari iliyo vijiji viwili kutoka kwetu, mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Watu wananipa hongera na mimi nazipokea, lakini usiku usingizi hauji. Sababu ni kaka yake. Naye alifaulu hivi hivi. Tukamshonea sare, tukamnunulia mkoba, tukamwombea dua. Kila akirudi nikimuuliza, "Vipi skuli?" jawabu ni, "Nzuri." Alipofika kidato cha pili, mwezi wa tano, akasema harudi tena. Mwalimu mmoja alikuwa keshamwambia mbele ya wenziwe kwamba kichwa chake kizito. Sasa anakwenda baharini na baba yake mdogo.

Siku moja niliyafungua madaftari yake. Hayana ukurasa mtupu, yamejaa Kiingereza mwanzo mwisho, hati nzuri ya kupendeza. Nikamwomba anieleze ukurasa mmoja tu. Hakuweza kunambia hata sentensi moja imesema nini. Kumbe mwaka mzima na zaidi alikuwa akinakili ubaoni, na mimi nikiona daftari limejaa nadhani mtoto anasoma.

Huyu binti naye ameanza kunyamaza vile vile. Wiki iliyopita tumekaa kivulini tunafunga mbegu za mwani, akanambia, "Mama, mie Kiingereza sikielewi, nitachekwa." Nikamjibu, "We soma kwa bidii." Halafu nikaona haya, maana hilo ndilo neno nililokuwa nikimwambia kaka yake. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Nitamsaidiaje mtoto kwa kitu nisichokijua?

La pili, wifi yangu anakaa Unguja, mjini. Anataka binti aende akakae kwake asome huko, kwa kuwa walimu wako wengi na tuisheni zipo. Wifi ni mtu mwema, katufaa mara nyingi. Mama mkwe anasema nikikataa nitakuwa nimemvunjia uso. Nikimuuliza binti, anainamisha kichwa tu.

La tatu nalisema kwa haya. Pale skuli kidato cha kwanza wanaingia mchana, na maji ya bamvua, yale yanayotoka sana tukaweza kufika mwanini, yanatoka kwenye saa nne za asubuhi. Nimekuwa nikiwaza: asubuhi twende sote mwani, mchana aende skuli. Bila ya yeye nusu ya kamba zangu za mwani zinabaki bila kushughulikiwa, na pesa ya mwani ndiyo itakayonunua hayo madaftari. Je, nitakuwa nakosea?

Mama, Micheweni

JAWABU

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye daftari lililojaa. Nimesomesha sekondari mpaka nikastaafu, na madaftari ya namna hiyo yamepita mikononi mwangu mengi. Nimeyatilia alama ya vyema, kwa kuwa hati ni safi na hakuna kilichorukwa, na mwenye daftari akenda zake bila ya mimi kumuuliza neno. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na kijana wako, kwani ukimpeleka binti skuli na khofu ya kaka yake, khofu hiyo ndiyo atakayoibeba kwenye mkoba. Mtoto anayenakili masomo yote kwa lugha asiyoielewa, bila ya kuacha ukurasa, mwaka na zaidi, hana kichwa kizito. Mtoto huyo ana subira ambayo watu wazima wengi hatuna. Kilichompata ni kwamba siku moja ya Januari lugha aliyokuwa akifikiria kwayo iliambiwa ibaki nje ya mlango. Msingi alikuwa akisoma sehemu kubwa kwa Kiswahili. Kufika kidato cha kwanza, Historia ni Kiingereza, Jiografia Kiingereza, Baiolojia Kiingereza. Kinachosalia ni somo la Kiswahili lenyewe, na Dini na Kiarabu. Na hapo hapo lile somo moja la Sayansi linagawika kuwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja na daftari lake na maneno yake mapya.

Wakubwa waliliona tatizo hili zamani. Walimu wa rika langu wanalikumbuka darasa la OSC, mwaka mzima wa kumtayarisha mtoto kwa Kiingereza kabla hajaingia kidato cha kwanza. Baadaye Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikataka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Lakini mtoto anaweza kuyapita madarasa hayo akijua kukokotoa tu, bila ya kuwahi kutoa sentensi moja ya Kiingereza kinywani mwake. OSC haipo tena. Kazi ya kumvusha mtoto imebaki kwa mwalimu wa kidato cha kwanza mwenye darasa lililojaa, na kwako wewe.

Mwambie kijana wako haya, usiku mmoja atakapokuwa ametulia. Mwambie mwalimu yule alikosea. Hata kama harudi skuli, anastahiki kulisikia neno hilo kwa mama yake.

Sasa wewe unayesema hukijui Kiingereza. Mama yangu hakujua kuandika hata jina lake. Mimi ni miongoni mwa watoto walioingia skuli miaka michache baada ya kutangazwa elimu bila malipo Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, na nyumbani kwetu sikuwa na wa kuniangalilia daftari. Alichokifanya mama ni kunikalisha jikoni kila usiku, yeye akikuna nazi, akinambia, "Haya, nambie mwalimu leo kasema nini." Nikimwambia neno asilolifahamu ananirudisha: "Hilo sikulifahamu, nambie tena." Nikiona anafahamu, na mimi ndipo ninapojua kwamba nimefahamu. Nilikuja kusomesha miaka mingi, na sijaona njia iliyo bora kuliko ile.

Kwa hivyo neno la "soma kwa bidii" liweke pembeni. Mwambie binti yako, "Nisomeshe." Kila siku ya skuli, baada ya Isha, achague jambo moja alilosomeshwa siku ile, moja tu, akueleze kwa Kiswahili mpaka ulifahamu. Daftari lifungwe. Robo saa inatosha.

Nikupe mfano, usije ukadhani nasema maneno ya juu juu. Katika Fizikia ya kidato cha kwanza watasoma kwa nini vitu vinaelea. Atakuja na kanuni kwamba kitu kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawasawa na uzito wake chenyewe. Kwa Kiingereza anaweza kuikariri hiyo kwa siku moja na asijue inasema nini. Wewe muulize: ngalawa ya baba yako ikirudi na samaki, mbona inakaa chini zaidi majini kuliko ilivyotoka? Ile chupa tunayoifunga kwenye kamba ya mwani inaelea, mbona ikiingia maji inazama? Chukueni yai mlitie kwenye maji ya kisima, litazama. Koroga chumvi nyingi, uendelee kutia, utaliona linapanda. Kwa nini? Mambo haya wewe unayajua kwa mikono kuliko mwalimu wake wa Fizikia. Akiweza kukujibu kwa Kiswahili, ile sentensi ya Kiingereza imepata pahala pa kukaa kichwani. Akishindwa, umejua usiku ule ule. Kwa kaka yake ulikuja kujua mwezi wa tano wa kidato cha pili.

Akishindwa, usimkemee hata kidogo. "Sijui" ya usiku ndiyo unayoitafuta. Ichukueni muiandike kwenye kijikaratasi, kesho yake amuulize mwalimu au mwenziwe. Na kwa wiki za mwanzo usimlazimishe akueleze mambo magumu. Hata akikueleza ramani ni kitu gani, inatosha. Tena mlete na kaka yake akae hapo akiwa hayuko baharini. Yeye anajua hasa wapi panapouma, na mara nyingine atamfahamisha mdogo wake jambo ambalo yeye mwenyewe hakufahamishwa.

Kabla ya Januari kuna kazi ndogo ambayo mimi ningeitanguliza mbele ya mkoba na viatu. Tafuta msichana wa kidato cha pili au cha tatu hapo kijijini, muombe amwandikie binti yako yale maneno ya Kiingereza yanayoanza maswali ya mtihani: taja, eleza, orodhesha, linganisha, tofautisha, toa sababu, chora. Hayazidi kumi na tano. Nimesahihisha mitihani ya watoto wanaojua jawabu kabisa, lakini swali linataka tofauti na wao wameandika maana, kwa kuwa neno la mwanzo la swali hawakulijua. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na maneno haya haya atakutana nayo huko. Ayajue kama anavyolijua jina lake. Pia ajue kusema kwa Kiingereza, bila ya kubabaika, "Mwalimu, sijafahamu, naomba urudie." Aliseme njiani, alisemee mwani, mpaka ulimi uzowee. Na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hata kuukuu, itamfaa kuliko mkoba mpya.

Kuchekwa kupo, sitakuficha. Wanaocheka wengi nao hawajui. Lakini mtoto haliamini hilo kwa kuambiwa, analiamini akishakuwa na wenziwe wawili watatu. Wale wasichana wa kijijini kwenu wanaokwenda skuli moja naye wajuane kuanzia sasa, waandamane. Dakika 40 za kwenda na 40 za kurudi ni darasa kubwa wakizoea kuulizana walichosoma. Na kwa kuwa mkondo wa mchana unawarejesha karibu na Magharibi, asitembee peke yake njia ile. Hilo halina mjadala.

Juu ya mambo ya mwili: kama bado hajavunja ungo, somo yake, yule mwanamke wa kumfunda mambo ya kike, amwelekeze sasa, kabla hayajamkuta darasani. Awe na kitambaa au pedi kwenye mkoba, na ajue ni mwalimu gani wa kike wa kumwendea. Chuoni kwake kwa Qur'ani pia kazungumze na ustadhi, kama alikuwa akisoma jioni ahamie asubuhi.

Kisha uende skuli wewe mwenyewe. Najua wazee wengi wanaogopa lile lango, hasa walioishia msingi. Wanangoja mpaka waitwe, na kuitwa huwa ni kwa ubaya. Chagua siku za maji mafu, maji yasiyotoka sana, ambazo huna kazi pwani, vaa buibui lako, uulize mwalimu wa darasa ni nani. Mwambie, "Huyu ni mwanangu, kaka yake aliacha kwa sababu ya lugha, na huyu anaogopa kuuliza. Ukimwona amenyamaza, naomba unipigie." Mpe nambari yako ya simu. Mwalimu akishaijua sura ya mama, jina la mtoto halimpotei ndani ya darasa lenye watoto wengi. Wakati huo huo uulize kama kuna mwalimu wa ushauri nasaha, na umwonyeshe binti alipo.

Sasa wifi yako. Mimi nasema mwaka huu asiende, na nitakupa sababu ili usione kama namdharau mtu wa watu. Januari hii mtoto anabadilishiwa lugha, skuli, walimu na masomo kwa pamoja. Ukimbadilishia na nyumba, na kisiwa, na mama, utakuwa umemwondolea kila alichokuwa akikishikilia. Walimu wengi na tuisheni ni neema, sikatai. Lakini tuisheni ya mtoto asiyefahamu lugha ni daftari jengine la kunakili. Na nani wa Unguja atakayemwambia kila usiku "nisomeshe"? Wifi yako ana nyumba yake na kazi zake. Nimewaona wasichana wengi waliotoka shamba kwenda kusoma mjini kwa jamaa, watu wema kabisa, na bila ya mtu yeyote kukusudia, kidogo kidogo msichana akawa ndiye wa vyombo, wa mtoto mchanga, na wa kwenda dukani. Kitabu kikafunguliwa saa nne za usiku, macho yanafumba.

Namna ya kulisema hilo ni muhimu kama lenyewe. Usimtume mtu, wala usimwandikie ujumbe. Mpigie, na mume wako awe amekwisha kukubaliana nawe, kwa kuwa ni dada yake. Mwambie: "Wifi, tumelipokea na tumefurahi. Tunaomba mwaka huu wa mwanzo tumshike hapa mpaka lugha imkae, kisha tuzungumze tena. Likizo aje kwako akuone na aijue Unguja." Halafu umpe sehemu yake kwenye jambo hili: muombe yeye ndiye amnunulie ile kamusi, na awe anampigia simu mara moja kwa wiki wazungumze Kiingereza, kama anakijua, hata maneno mawili matatu. Mtu aliyepewa kazi katika jambo haoni kwamba amekataliwa. Mama mkwe naye ukamweleze kabla hajasikia kwa mwengine.

Binti umuulize tena, lakini usimuulize mbele ya watu wala uso kwa uso. Muulize mkiwa mnafunga mbegu, macho yako kwenye kamba. Pale ndipo alipokwambia lile la Kiingereza.

La mwani umelisema kwa haya, na mimi sikulaumu. Nimezaliwa pwani. Tangu kilimo hiki cha biashara kilipoanza visiwani kwetu mwaka 1989, ni mikono ya wanawake iliyosomesha watoto wengi tu. Lakini fikiri saa zake. Anasimama majini tangu saa tatu, maji ya magotini, jua la utosi, anarudi saa tano na nusu, anaoga, anakula mbiombio, kisha dakika 40 kwa miguu, kisha Kemia kwa Kiingereza saa nane za mchana. Mtu mzima angelala hapo juu ya dawati. Atalala, ataitwa mvivu, na wewe na mimi tunajua hadithi hiyo inaishia wapi.

Kwa hivyo siku za skuli asishuke majini. Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, na inashika siku kadhaa, kwa hivyo mara nyingi Jumamosi au Jumapili moja itaangukia humo. Siku hiyo mchukue. Siku za skuli akusaidie vya nchi kavu asubuhi, kufunga mbegu kivulini au kugeuza ulioanikwa, saa moja tu, kisha apumzike na afungue kitabu. Kwa kamba zinazobaki, shikaneni zamu na jirani mwenye binti wa skuli vile vile: wewe umfanyie zake siku hii, na yeye akufanyie zako siku ile. Zikibaki chache bila ya kushughulikiwa, pesa itapungua. Ipungue kwenye mkoba na viatu vipya, vya kaka yake vikishonwa vitafaa.

Na baba yake huko dago usimwache nje ya jambo hili kwa kuwa yuko mbali. Binti akirudi siku ile ya kwanza, baba apige simu jioni, azungumze na binti mwenyewe. Asimuulize kama skuli ni nzuri. Amuulize amekaa dawati la ngapi kutoka mbele, na jirani yake wa dawati anaitwa nani. Kama amekaa nyuma, amwambie kesho awahi ahamie mbele, na kwamba yeye baba atapiga tena kesho kusikia kama amehama.